Waliolala Hapa Usiku wa Sensa

Kazi yangu ni kuhesabu watu walioondoka, na hakuna hata mmoja wao ninayemuuliza chochote. Nikisema hivyo kwenye harusi watu hucheka kwa adabu, halafu hubadilisha mazungumzo. Mjomba wangu aliwahi kuniuliza kama ni kweli serikali inanilipa kwa kupiga ramli. Nilimjibu kwamba wapiga ramli wana wateja, mimi nina majedwali tu.

Niieleze kidogo kazi yenyewe, maana bila hilo habari ya mama yangu haitaeleweka. Chukua kopo la sukari. Ulilijaza mwanzo wa mwezi, na unajua nyumba yako inakunywa chai kiasi gani. Leo ukifungua kifuniko ukakuta sukari imepungua kuliko chai ilivyoweza kuila, basi iliyozidi imeota miguu. Hukumwona aliyeichota wala hujui imekwenda nyumba gani, lakini kiasi chake unakijua. Nasi tunafanya hivyo hivyo kwa watu. Sensa iliyopita ilikuta wilayani wavulana kadhaa wa miaka kumi na tano hadi kumi na tisa. Miaka kumi ikipita, wavulana hao wanatakiwa kuwa wanaume wa miaka ishirini na tano hadi ishirini na tisa. Wachache watakuwa wamefariki, na takwimu za nchi nzima zinatuambia kati ya kila mia moja ni wangapi kwa kawaida hufika. Unawatoa wasiofika. Waliobaki ndio waliotakiwa kuwepo. Halafu unatazama sensa mpya imewakuta wangapi, na tofauti hiyo ndiyo tunayoiita pengo. Hao wamehama.

Wenzangu ofisini huliona pengo kama namba. Mimi namjua mtu mmoja aliyemo.

Nina mdogo wangu mmoja tu, kitinda mimba wa mama. Nyumbani tulimwita Msumari, kwa sababu alikuwa mwembamba kuanzia miguuni mpaka shingoni, halafu ghafla kichwa. Usiku wa sensa ile ya kwanza alilala nyumbani. Asubuhi karani alipomuuliza anafanya kazi gani, alijibu, "Kumsumbua mama," na karani, maskini, alikuwa ameshaandika nusu ya neno kabla hajashtuka. Miezi michache baadaye akaondoka kwenda kutafuta maisha. Hakugombana na mtu. Alibeba begi la shule lililoharibika zipu, akamwambia mama kwamba atapiga simu akishatulia. Kwa miaka mitatu alipiga kweli, kila mara kwa namba mpya na kutoka mji mwingine, hajatulia. Kisha simu zikakoma.

Namba zote alizowahi kutumia mama anazo. Huzipiga kwa zamu. Yule dada wa mtandao akishamwambia kwamba namba anayopiga haipatikani kwa sasa, mama humjibu, "Ahsante, mwanangu," ndipo akate. Nimemweleza mara nyingi kwamba ile ni sauti ya mashine. Ananiambia hata mashine ina aliyeilea.

Nina hamu na mdogo wangu mpaka inaniuma. Sina namna nyingine ya kulisema. Katika mji huu ninaofanyia kazi, nikiona shingo nyembamba mbele yangu barabarani, hatua zangu huongezeka zenyewe. Mara moja nilimfuata mtu mpaka mlango wa duka la vipuri. Aligeuka akaniuliza, "Dada, tunafahamiana?" Alikuwa na masharubu na uso wa watu wengine kabisa. Nikanunua balbu ya gari, na gari sina.

Kwa hiyo sensa hii mpya niliingoja kwa siri, kama wengine wanavyongoja matokeo ya mtihani. Sikutegemea inipe jina wala anwani. Nilitaka kuliona pengo la wilaya ya kwetu tu, lile la wanaume wa umri wake, nijue kwamba humo, kati ya maelfu, kuna mmoja ambaye ni yeye. Ni kidogo sana hicho, najua. Lakini nilikuwa sina kingine.

Majedwali yalipokuja nilianza na wilaya yetu, ingawa haikuwa zamu yake. Pengo halikuwepo.

Nilirudia hesabu. Nikabadilisha kikokotoo, nikalaumu kompyuta, nikanywa maji. Kwa mujibu wa sensa, wanaume wote waliotakiwa kuwepo wilayani kwetu walikuwepo. Hakuna aliyeondoka. Mtu ambaye sijamwona kwa miaka tisa hakuwa amekwenda popote.

Mkuu wa kitengo chetu tunamwita Desimali, kwa kuwa hajawahi kumruhusu mtu afute namba iliyo baada ya nukta. Ni mtu mpole, mnene, ambaye hufikiri huku akiuma kifuniko cha kalamu. Alikuja akasimama nyuma ya kiti changu.

"Hii wilaya ina nini?" aliuliza. "Majirani zake wote wamepoteza karibu theluthi ya wanaume wa umri huu. Hii haijapoteza mtu. Wamefungua kiwanda?"

"Hakuna kiwanda."

"Mgodi?"

"Kuna mashine mbili za kusaga na kinyozi."

"Kinyozi hawezi kuzuia vijana elfu nne," alisema, kwa sauti ya mtu aliyelifikiria jambo hilo kwa dhati. Akavuta kiti. "Nionyeshe wanawake."

Upande wa wanawake pengo lilikuwa pale pale, pana kama la majirani. Mabinti wa kwetu walikuwa wameondoka kama mabinti wa kila mahali. Desimali akaomba jedwali la ndoa. Tulipolifungua tukatazamana. Wanaume wa umri ule waliosema wameoa walikuwa wengi kuliko wanawake walioolewa, tena kwa mbali.

"Wake zao wako wapi?" aliuliza.

"Labda wake ndio waliohama."

"Wote? Wakawaachia waume nyumba?"

"Ningekuwa mimi ningewaachia."

"Usituletee ya kwako." Aliuma kifuniko. "Si ndiko kwenu huku?"

"Ndiko."

"Basi nenda. Chagua nyumba chache, ukaone na vitanda, usisikilize maneno tu. Ukirudi na sababu, tutarekebisha. Ukirudi mikono mitupu, nitaandika kwenye ripoti kwamba vijana wa wilaya hii wanapapenda kwao na hawahami."

Aliyasema bila ubaya wowote, lakini yalinichoma. Ripoti ile ikishachapwa hukaa miaka kumi. Kwa miaka kumi ingesimama kwenye makabati ikisema kwamba mdogo wangu hajaenda popote, na mimi ndiye ningekuwa nimeichapa.

Nilianza kwa jirani yetu muuza mkaa, mama mwenye sauti ya kupasua mbao. Alinikaribisha, akaniita mkwe kama kawaida yake, kwa kuwa aliwahi kuniposea mwanawe wa kwanza nikiwa darasa la sita. Nikamuuliza swali la sensa kama lilivyo: nani na nani walilala katika nyumba hii usiku ule? Alijibu haraka haraka. Yeye, mumewe, na wanawe wawili wa kiume. Umri wa kila mmoja aliutoa bila kusita. Kazi, mmoja dereva, mwingine yuko kwenye biashara. Wote wameoa.

"Naomba nione walipolala," nilisema.

Mama muuza mkaa alinitolea macho. Kisha akanifungulia chumba cha uani. Magunia ya mkaa yalijaa kutoka sakafuni mpaka yanagusa bati.

"Walilala wapi hapa, mama?"

"Walibanana," alisema.

Tulitazamana, akashindwa kujizuia, akaangua kicheko, nami nikacheka, na katikati ya kicheko chake nikaona anajifuta macho kwa kiganja, na kiganja kina vumbi la mkaa, uso ukabaki na michirizi. Wa kwanza hajamwona kwa miaka sita. Wa pili anapiga simu sikukuu kwa sikukuu, akikumbuka.

"Sasa kwa nini uliwataja?"

"Lile gari la matangazo. Hukulisikia huko mjini kwenu?"

Gari la matangazo lilitoka ofisini kwetu, kwa hiyo najua karatasi aliyopewa msomaji ilikuwa na maneno gani: kila mtu ahesabiwe, tushirikiane na makarani. Lakini kipaza sauti cha wilaya yetu alipewa yule jamaa anayetangaza mechi za mpira uwanja wa shule, ambaye hajawahi kusema kitu bila kukitia chumvi. Siku ya kwanza alisoma karatasi. Siku ya pili alichoka nayo. Siku ya tatu, mama muuza mkaa aliniambia, alipita polepole mbele ya kila mlango akinguruma, "Mama, mtaje mwanao! Asiyetajwa leo hayupo duniani!"

"Wewe ungefanyaje?" aliniuliza. "Ungenyamaza?"

Nikafunga daftari, nikaaga.

Nyumba zilizofuata zilikuwa vile vile, ila vyumba vilitofautiana. Katika kimoja nilikuta kuku wametamia kitandani kwa kijana aliyetajwa kuwa mwalimu. Kingine kilikuwa na cherehani na sanamu ya kupimia nguo, isiyo na mikono. Kwa fundi baiskeli, kitanda chenyewe kilishauzwa. Mama mmoja hakusubiri hata nimuulize, alinishika mkono mlangoni akasema, "Mwanangu, usiingie, hayupo." Nilipouliza habari za mabinti, wote walinijibu jambo moja kwa maneno tofauti: mabinti wako kwa waume zao, watakuwa wamehesabiwa huko. Hawakuwa na wasiwasi nao. Nami, binti wa watu, nilisimama na kalamu yangu na, niseme kweli, nikaona wivu.

Kwa mama nilifika mchana, wa mwisho. Nilikuwa nimeiacha nyumba hiyo makusudi.

Alinisikia nikipiga hodi, akaja mpaka mlangoni lakini hakupisha. Alisoma kitambulisho kilichoning'inia kifuani kwangu, kwanza picha, kisha mimi.

"Umekuja kama mwanangu au kama serikali?"

"Kama serikali kwanza, mama."

"Basi serikali ivue viatu."

Nilivua. Alinikalisha kwenye kiti cha wageni, kile chenye kitambaa cha kufuma mgongoni, ambacho mimi na Msumari tulikatazwa kukikalia tangu tumezaliwa. Yeye alikaa mbele yangu, mikono magotini, amejiweka sawa. Mezani kati yetu kulikuwa na birika, vikombe na kopo la sukari. Nilijaribu kuruka maswali ya mwanzo, akanikatalia. Niulize yote, kama nyumba nyingine.

"Nani alilala hapa usiku wa sensa?"

"Mimi. Na mdogo wako."

"Umri wake?"

"Ishirini na nane. Ametimiza juzi juzi."

Aliondoka akiwa na kumi na tisa. Mama alikuwa amemkuza mwenyewe, mwaka kwa mwaka, bila kumrukisha hata mmoja.

"Kazi?"

"Fundi."

"Fundi wa nini, mama?"

"Wa vitu. Andika fundi."

"Hali ya ndoa?"

"Ameoa."

"Mkewe naye alilala hapa?"

Nilimwona mama anatafuta jibu, kama mtu anayepapasa swichi ya taa.

"Usinichanganye," alisema. "Sikusema mkewe yuko hapa. Nimesema ameoa. Kwa umri ule akae peke yake huko aliko? Nani wa kumwambia shati limechafuka? Nani wa kumwambia nywele zimezidi?"

Ndipo nilipowaelewa wale waume wote wasio na wake. Kila mama alikuwa amempa mwanawe mke, ili asiwe peke yake huko, lakini hakuna aliyethubutu kumtaja mwanamke asiyemjua.

"Naomba nione chumba chake," nilisema. Sauti yangu haikuwa ya serikali tena.

Kabla mama hajainuka, mlango wa chumba cha Msumari ulifunguliwa wenyewe. Akatoka mwanaume mwenye unga kwenye nyusi, taulo begani. Mama aliwahi kuniambia kwa simu kwamba amepata mpangaji, fundi wa mashine ya kusaga, mtu mtulivu, asiyepiga muziki. Sikujua kwamba amempa chumba kile.

"Habari za safari, dada?" alinisalimu. "Mama amenisimulia habari zako zote."

"Nzuri, kaka. Samahani, usiku wa sensa ulilala wapi?"

Alimtazama mama. "Hapa hapa, dada. Kitandani."

"Karani alikuandika?"

"Mama aliniambia nisijali, yeye ataongea naye."

Nikamgeukia mama. Nilikuwa nimekasirika sasa, na hasira yangu ilikuwa nzuri, ya kikazi, ina pa kushika.

"Mama, umemtaja asiyekuwepo, ukamwacha aliyelala humu ndani?"

"Huyu ana mama yake," mama alijibu.

"Mama yake anahusika nini?"

"Nilimpigia. Siku mbili kabla ya makarani kuja nilimpigia simu huko kwao, nikamuuliza, dada, mwanao utamtaja? Akasema, nitaachaje kumtaja, kwani nina wangapi? Basi nikamwachia. Mimi ningemtaja hapa, yule mwenzangu angemtaja nani?"

Mpangaji aliinamisha kichwa. Unga kidogo ulidondoka sakafuni.

"Na Msumari," mama aliendelea, na hapo sauti yake ikashuka, "huko aliko amepanga kwa mtu. Amepanga kwa mama kama mimi. Makarani wamefika pale, na yule mama hakumtaja, amejisemea huyu ana mama yake. Ananiachia mimi. Sasa nami nisipomtaja, anatajwa na nani? Niambie wewe uliyesoma. Nchi nzima hii, nani atamtaja?"

Nimefanya kazi hii miaka kumi na minne. Nimehudhuria semina za watu kuhesabiwa mara mbili na za watu kurukwa. Na bado likanitoka jambo ambalo sikujua kama limo ndani yangu.

"Na mimi, mama? Mimi ulinitaja?"

"Wewe?" Alishangaa kweli. "Wewe si najua uliko. Ukikohoa tu mimi najua. Nikutaje ya nini?"

Mpangaji alisema anaona maji yake yanachemka, akatoka uani. Hakukuwa na moto uani.

Nikalivuta kopo la sukari, nikaondoa kifuniko, nikaliweka mbele ya mama. Nikamweleza kama nilivyoeleza pale mwanzo, nikianzia siku kopo lilipojazwa, nikaja kwenye chai mpaka sukari iliyoota miguu. Mama alifuatilia kila neno. Alinisahihisha kiasi cha sukari kinachotumika kwake.

"Sasa sikiliza, mama. Akija mtu ukamwambia kopo limejaa, atajua kuna kitu kimepotea? Mimi kazi yangu ni kuwahesabu wasiokuwepo. Nikiwa na karatasi inayosema Msumari yupo, alilala hapa, ni fundi, ameoa, basi kwangu hajaondoka. Hakuna mtu aliyeondoka kwetu, ndivyo wanavyotaka kuandika. Na mtu ambaye hajaondoka, nani atategemea arudi?"

Mama alitazama ndani ya kopo.

"Nikisema hayupo, si mnamfuta?"

"Hatumfuti. Ndipo anapoingia kwenye hesabu. Waliokufa tunawatoa mwanzo kabisa, kabla ya kitu kingine. Wanaobaki kwenye pengo ni watu waliotakiwa kuwepo na wameonekana hawapo. Tunachukulia wako hai, mahali pengine."

"Wako hai?"

"Ndivyo tunavyochukulia."

"Mnachukulia, au mnajua?"

Ningeweza kumdanganya. Mama yangu ni mtu mzima, angetaka nimdanganye ningemwona.

"Tunachukulia, mama."

Aliitikia kwa kichwa polepole, akafunika kopo, akahakikisha kifuniko kimekaa.

"Hata mimi nachukulia," alisema. "Haya. Niulize tena. Anza mwanzo, kama hujaniuliza."

Nikageuza ukurasa.

"Nani alilala hapa usiku wa sensa?"

"Mimi." Nje, mpangaji alikuwa anazungusha kijiko kwenye kikombe kitupu. "Na huyu kijana wa watu, mpangaji wangu. Muulize mwenyewe umri wake."

"Kuna mwingine?"

Mama alipiga moyo konde. Nilimwona akiupiga. Alinyoosha kitambaa cha meza ambacho hakikuwa na kunjo.

"Mwanangu wa kiume hakulala hapa," alisema. "Hajalala hapa miaka tisa."

Hakuwahi kulisema hilo mbele yangu, kwa namna yoyote. Nililiandika. Machozi yalidondoka juu ya neno "mpangaji", na mama akaniambia serikali gani hii inayolia, akanimiminia chai, akaitia sukari mwenyewe, vijiko vingi kuliko ninavyokunywa siku hizi. Nilikunywa yote.

Mpangaji aliporudi alikuwa na wasiwasi. Mama yake huko kwao atasema nini sasa, akisikia mwanawe ameandikwa kwingine?

"Niachie mimi," mama alimwambia. "Nitampigia. Nitamweleza habari ya kopo."

Nilirudi ofisini na sababu. Desimali aliisikiliza yote huku kifuniko cha kalamu kikiwa mdomoni, na nilipofika kwa mtangazaji wa mpira alikitoa, akakitazama, akakirudisha. Tukapeleka makarani wakaone vitanda katika mitaa mingine ya wilaya, na kutokana na hivyo tukarekebisha namba. Ilichukua wiki kadhaa. Waume wasio na wake walitoweka kwenye jedwali la ndoa, wapangaji waliorukwa wakaingia, na kwenye safu ya wanaume wa miaka ishirini na tano hadi ishirini na tisa, pengo likafunguka. Zaidi ya theluthi. Kubwa kuliko la jirani yeyote.

"Kinyozi ameshindwa," Desimali alisema. Kisha akaniwekea mkono begani, jambo ambalo hajawahi kulifanya, akaenda zake.

Nilibaki nikilitazama. Walikuwemo wale wawili wa mama muuza mkaa, na mwalimu ambaye kuku wametamia kitandani kwake. Na kwa kuwa anayeondoka mahali lazima atokee mahali, niliteremka mpaka kwenye safu ya mji huu ninaoishi, ambako idadi ya wanaume wa umri ule ilizidi ile iliyotakiwa kwa maelfu mengi. Watu hao wote hakuna aliyezaliwa hapa. Niliweka kidole juu ya namba hiyo kwenye kioo cha kompyuta. Kilikuwa na vuguvugu, kama kioo chochote kilichowashwa tangu asubuhi.

Lakini mimi ndiye niliyeiandika kanuni ya hesabu ile, na najua inaanzia wapi. Kati ya kila vijana mia moja waliohesabiwa mara ya kwanza, wanne hawafiki. Hao tuliwatoa kabla ya yote, bila kuwaona sura. Wako nje ya pengo. Na hakuna jedwali nililonalo linaloweza kunionyesha mdogo wangu yuko upande gani.

Simu ikalia mezani. Ilikuwa mama.

"Lile pengo lenu limetokea?"

"Limetokea, mama."

"Kubwa?"

"Kubwa sana."

Nilisikia anavuta kiti, anakaa.

"Na yeye yumo?"

Nilitazama safu ya kwetu, nikaitazama na ya hapa mjini. Niliwafikiria wale wanne.

"Yumo," nilisema.



"Ahsante, mwanangu," alisema, kwa sauti ile ile anayomjibia yule dada wa mtandao, akakata simu.